Mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia mahindi: nimeitumia miezi nane hapa Tanga, na yule nondo mweupe nimemjua

Naandika hii kwa wale wanaonunua mahindi wakati wa mavuno na kuyaweka ndani, hasa sisi wa Tanga mjini ambao hili joto la pwani na unyevu wa bahari havitupi nafasi kabisa. Mifuko yenyewe ni ile ya kilo 100, ndani ina mifuko miwili ya plastiki na nje kiroba cha kawaida, yaani tabaka tatu, haipitishi hewa, huweki dawa yoyote. Nilinunua minne mwezi wa nane mwaka jana kwenye duka moja la pembejeo Ngamiani, kila mmoja elfu 5, na wa mwisho nimeufungua wiki iliyopita. Kwa hiyo haya si ya kusikia, nimeyaona mwenyewe stooni kwangu.

Ila kabla sijausifia mfuko au kuulaumu naomba nianze na mdudu, maana mi naamini wengi wanaosema hii mifuko haifanyi kazi hawajui wanapambana na nani.

Mwaka juzi nilikua na magunia matatu, mahindi ya upande wa Handeni, mazuri, meupe, makavu, nasaga dona nauza kwa kilo hapa Makorora. Nilikua na furaha kabisa. Mwezi wa kumi na moja jioni moja umeme umekatika nikaingia stoo na tochi ya simu kuchota mahindi ya kupeleka mashine asubuhi, namulika hivi naona vitu vidogo vyeupe vinapaa mbele ya mwanga, vyepesi, kama majivu ya karatasi yanavyopanda moto ukipulizwa. Vikatua ukutani, vikatua juu ya gunia, vingine kwenye kitambaa nilichojifunga kichwani. Nikasema hivi ni vipepeo vya taa tu vimefuata mwanga, nikachota mahindi yangu nikafunga mlango. Hapo ndo nilipokosea, na ndo sababu ya kuandika kirefu hivi. Wiki mbili baadae nikichota mahindi mkononi nayasikia mepesi, unaokota punje unaibonyeza kwa kucha inapasuka, ndani tupu, vumbi. Dona lake likawa na harufu fulani nzito ya kuchefua, wateja wangu wawili wa siku zote wakarudisha mifuko yao bila hata kugombana na mimi, wakasema tu mama unga wako safari hii hapana. Iliniuma sana ile.

Mtoto wa dada yangu anasoma kilimo pale SUA Morogoro, alipokuja likizo nikamuonyesha. Hakutazama hata gunia, alimkamata mmoja ukutani kwa gilasi, akaniambia mamdogo huyu anaitwa nondo wa nafaka, kitaalamu Sitotroga cerealella, njoo umtazame vizuri. Tukamtazama, na tangu siku ile nimemtazama mara nyingi sana kwa hiyo namuelezea kama ninavyomjua. (Msimtafute mtandaoni kwa neno nondo peke yake, mtaletewa bei za vyuma vya ujenzi, andikeni nondo wa nafaka au nondo wa mahindi.)

Kwanza ni mdogo. Akiwa ametulia kakunja mbawa, urefu wake haufiki hata sentimita moja. Ukimtanua mbawa, toka ncha hii mpaka ncha ile ni kama milimita 10 mpaka 18, anaenea juu ya ukucha wa kidole gumba. Rangi yake ukiwa mbali unasema mweupe, na ndio maana wote tunamuita mweupe, ila ukimsogelea si mweupe wa chaki, ni rangi ya nyasi kavu, au ukipenda rangi ya ukindu uliokauka kabla haujatiwa rangi, na ana mng'ao kidogo kama hariri pale mwanga unapompiga ubavuni. Wengine wana kidoa kidogo cheusi kwenye bawa, wengine hawana. Akitua anakunja mbawa juu ya mgongo kama paa la nyumba, anakua mwembamba, mrefu, amechongoka nyuma, ukimuona juu ya kiroba unaweza kudhani ni ganda la mpunga limenata pale. Mi nimeshawahi kupuliza maganda ya mpunga nikidhani ndio yeye na nimeshawahi kumpuliza yeye nikidhani ganda.

Sasa bawa la nyuma ndo la ajabu na ndilo linalomtambulisha, ila huwezi kuliona mpaka awe amekufa na umtanue taratibu kwa kijiti. La mbele ni rangi ya nyasi, la nyuma ni la kijivu, jembamba, na mwisho wake limechongoka ghafla, yaani linakuja linakuja halafu linakatwa linabaki kincha kimoja kama kidole kinachoonyesha njia. Na pembeni mwa hilo bawa kuna vinyweleo virefu, virefu kuliko upana wa bawa lenyewe, vimepangika kama matamvua ya kikoi. Kijana wetu alikua na kioo cha kukuzia, nilipotazama yale matamvua nilikaa kimya kwanza, kitu kidogo vile kinaninyang'anya hela yangu na kimeshonwa vizuri namna ile. Halafu usoni ana viwili kama vipembe vyembamba vilivyopinda kwenda juu mbele ya macho, ncha kali, na juu zaidi vipapasio vyake viwili virefu kama uzi.

Namwelezea hivi kwa sababu sio kila kinachoruka stooni ni yeye. Kuna mwingine ambaye bawa lake kama theluthi ya mwanzo ni ya kijivu iliyopauka na sehemu kubwa ya mwisho ni nyekundu ya kutu, kama shaba, huyo mtoto wake anatengeneza utando kwenye unga na karanga na matunda makavu. Ukiona utando kama wa buibui kwenye unga sio huyu wangu. Huyu wa kwangu hana utando unaouona juu ya mahindi, kazi yake yote anaifanya ndani ya punje. Na shangazi yangu wa Chumbageni aliponisikia naongelea nondo alikimbilia sanduku lake la kanga, nikamwambia shangazi tulia, wale wa nguo ni wengine, wana rangi ya dhahabu na kichwani manyoya mekundu mekundu yamesimama, hawapendi mwanga wanakimbia kujificha, na watoto wao wanakula sufu za wanyama, nywele na manyoya, kanga ya pamba safi sio chakula chao. Alifurahi.

Basi kinachotakiwa kujulikana hasa ni hiki, yule nondo anayeruka HALI mahindi yako. Mkubwa hana habari na kula nafaka, anaishi siku chache tu, wiki moja au mbili, anataga anakufa. Anayekula ni mtoto. Jike anataga mayai juu ya punje, madogo mno, meupe mwanzoni baadae yanageuka kuwa mekundu mekundu, mtoto akianguliwa anatoboa punje moja anaingia humo na anaishi humo humo, anakula humo, anakua humo, mweupe mnono na kichwa cha rangi ya kahawia, urefu milimita tano hivi. Punje moja ndio nyumba yake na ndio chakula chake. Akishamaliza kula, kabla hajageuka kuwa nondo, anatafuna njia mpaka karibu na ganda la nje halafu ANAACHA. Halitoboi. Analiacha lile ganda jembamba kabisa, duara, kama dirisha lenye kioo, ili akishakuwa nondo asukume tu atoke, maana nondo mwenyewe hana meno ya kutafunia. Kwa joto letu hili toka yai mpaka nondo ni kama wiki tano.

Hiki kidirisha ndicho ninachotaka kila mtu ajifunze kukiona. Chukua punje ishike kwenye mwanga wa dirisha au tochi, ukiona duara dogo lililopauka kama doa la mafuta kwenye karatasi, humo ndani kuna mtu. Niliwaokotea watoto punje kumi za hivyo nikatia kwenye kichupa cha kioo na kitambaa juu, baada ya siku kadhaa asubuhi moja tukakuta nondo wanne wamekaa kwenye kioo wametulia kama hawajafanya lolote, na punje zina matundu ya duara safi, moja bado kifuniko chake kinaning'inia pembeni kama mlango. Fukusi akitoka tundu lake linakua na kingo mbaya mbaya, huyu tundu lake kama limepigwa na kitobolea karatasi. Kwa hiyo ukiona nondo wanaruka ujue hao ni waliomaliza, nyuma yao wapo wengine ambao huwaoni.

Na jambo lingine ambalo lilinifungua macho, huyu haanzii stooni. Anataga hukohuko shambani mahindi yakiwa yanakauka kwenye bua. Kwa hiyo hata ukipaka chokaa stoo ukafagia ukafukiza, unayanunua mahindi na wageni wameshakaa ndani. Dawa ya vumbi inamuua akishatoka akagusa vumbi, ila aliye ndani ya punje anaendelea kula mpaka siku ya kutoka. Mimi dawa siichukii, watu wengi wanaitumia vizuri kwa vipimo, ila mi nauza unga wa kula leo na kesho, mteja akiniuliza umeweka dawa lini nataka nimjibu sijaweka.

Ndio nikaja kwenye mifuko.

Duka sitalitaja, ila kijana aliyenihudumia alinihudumia kwa heshima na alijua anachouza, hilo nalisema wazi. Nilifika nikasema nataka mifuko ya mahindi, akaniuliza kwanza, mama mahindi yako yamekauka? Nikasema ndio. Akasema umepimaje? Nikasema nimetafuna. Akasema kutafuna haitoshi mama, akanifundisha ya chumvi, nimeifanya na inafanya kazi. Unachukua chupa ya kioo kavu, unatia mahindi kama robo yake, unatia chumvi kijiko kimoja, unatikisa dakika moja mbili, unaacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa mahindi bado yana maji mengi, rudisha juani. Ikidondoka yote chini chupa ikabaki safi, funga. Nyongeza yangu mimi kwa watu wa pwani, chumvi yetu hapa yenyewe imeshalowa kwa hewa, kaushe kwanza kwenye kikaango ipoe ndio upimie, la sivyo itanata tu hata kwenye chupa tupu na utaanika mahindi mpaka mwaka mpya. Mimi niliyaanika siku nne zaidi juu ya turubai ndio chumvi ikakubali.

Hii habari ya ukavu msiipite haraka haraka. Huu mfuko hautoi unyevu, unachofungia ndicho kinachobaki. Ukifungia mahindi mabichi humo unafuga kuvu, na kuvu inaleta sumukuvu, na tunakumbuka mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya mahindi. Bora nondo kuliko hiyo.

Unavyofanya kazi ni rahisi kuelewa. Wadudu wanapumua kama sisi. Ukishafunga hewa haiingii, wao wanaendelea kuvuta oksijeni iliyomo mpaka inapungua, hewa chafu wanayotoa inajaa, wanaacha kula kwanza halafu wanakufa. Aliye ndani ya punje na yeye anavuta hewa hiyohiyo, na hapo ndipo mfuko unaishinda dawa ya vumbi, unamfata mpaka nyumbani kwake. Hii akili ilianzia Kameruni kwenye miaka ya 1980, watafiti wa chuo kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na wenzao wa huko walikua wanatafuta namna ya kuokoa kunde, baadae ndo ikaja kwenye mahindi na nafaka nyingine.

Kufunga. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio penye matatizo. Unapima kwanza kila plastiki kwa kuijaza hewa, unaikunja mdomo unaibonyeza kama puto, ukisikia inavuja unaipeleka ilikotoka. Unaingiza plastiki moja ndani ya nyingine, zote ndani ya kiroba, unajaza mahindi huku unashindilia pembeni hewa itoke, usijaze mpaka juu, acha nafasi ya kusokota. Unasokota mdomo wa plastiki ya ndani mpaka unakua mgumu kama kamba, unaukunja unarudi chini, unafunga kamba nguvu zako zote. Halafu ya pili hivyohivyo. Halafu kiroba. Ile plastiki inateleza jamani, mtu mmoja hawezi, mimi nilijaribu peke yangu mfuko wa kwanza nikahangaika karibu saa nzima mpaka nikamuita jirani yangu, yeye anashika mi nafunga, mitatu iliyobaki tukamaliza haraka. Na kamba wanazokupa dukani ni fupi na zinaserereka, nilizitupa nikakata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, Tanga hiyo mipira haikosekani, mpira unabana na ukivuta unaendelea kubana. Hii nampa kila mtu bure, tumia mpira wa baiskeli.

Kosa lingine la duka, mfuko mmoja kati ya minne nilipoufungua nyumbani ulikua na plastiki moja tu ndani badala ya mbili. Nikaurudisha kesho yake, kijana akafungua mbele yangu akaona, akanipa mwingine bila maneno wala kuniuliza risiti. Nashukuru kwa hilo lakini hesabuni palepale dukani, nauli ya bajaji kwenda na kurudi ni yako wewe.

Nilikua na magunia matano, manne nikatia kwenye hii mifuko na la tano nikaliacha kwenye kiroba cha kawaida makusudi nione tofauti, pia ndo lilikua la kuanza kuuza. Nilihesabu punje mia moja kabla ya kufunga, zilizotoboka zilikua tatu. Yote matano yakakaa stoo moja, hii mifuko nikaipanga juu ya chaga mbali na ukuta.

Lile gunia la kawaida mwezi wa kumi na mbili mwanzoni, punje mia za juu kabisa 31 zilikua na tundu au kidirisha. Mia za katikati ya gunia zilikua 9 tu. Nilishangaa nikampigia kijana wetu Morogoro, akaniambia ndivyo alivyo, mamdogo, yule nondo ni dhaifu hawezi kujipenyeza katikati ya punje akashuka chini, anatagia juu juu, ndio maana mahindi yaliyo kwenye magunzi darini yanamkoma kuliko yaliyopukuchuliwa, huko kwenye magunzi kila punje ni ya juu. Zile tisa za katikati nyingi zilikua za fukusi kwa matundu yake mabaya.

Mfuko wa kwanza nikaufungua kipindi hichohicho cha mwezi wa kumi na mbili. Nilipokata ule mpira na kusokotoa harufu iliyotoka ni ya mahindi, mahindi tu, kama siku nimeyanunua. Juu kulikua na nondo wamekufa, niliwaokota kumi na kitu, wamekauka, rangi ileile ya ukindu, wamelala ubavu mbawa zimefunguka nusu na matamvua yanaonekana. Hao nadhani ndio waliotoka siku za mwanzo kabla hewa haijaisha. Nikahesabu punje mia, nne. Toka tatu mpaka nne kwa miezi minne. Na nilipata punje zenye kidirisha ambazo hakikufunguka, nikazipasua, ndani kuna mtu ameishia njiani, mweusi, mkavu. Jirani yangu alikuwepo akasema sasa hapo nimeamini.

Mfuko wa pili ndio ulioniumiza. Mwezi wa kwanza nauvuta niusogeze naona unga unga chini ya chaga kwenye kona. Panya. Ametoboa kiroba na plastiki zote mbili, tundu la kupita kidole. Nilipoufungua nondo waliruka, wazima kabisa, wakanipita usoni kama ile jioni ya mwaka juzi, na mahindi ya upande ule wa kona fukusi wanatembea. Sio ubovu wa mfuko, ila muuzaji alitakiwa aniambie kuhusu panya kwa msisitizo uleule aliouweka kwenye chumvi, hakuniambia. Mi nawaambia nyinyi. Mfuko huu bila kudhibiti panya ni elfu 5 imetupwa. Niliweka mitego miwili, nikaziba uwazi wa chini ya mlango kwa bati, nikaacha nafasi ya kupita mtu kati ya mfuko na mfuko ili niweze kukagua pande zote.

Na kuna yule tunayemuita scania, dumuzi, aliyeingia nchini kwetu upande wa Tabora toka Amerika ya Kati miaka ya mwisho ya 1970, huyo ana meno kweli, anaweza kutoboa hata plastiki. Stooni kwangu safari hii sikumuona, kwa hiyo siwezi kuwapa ushuhuda wangu juu yake, ila wewe ambaye stoo yako inae kagua mifuko mara nyingi zaidi. Nondo hana uwezo huo wa kutoboa plastiki, akiwa nje atabaki nje.

Wa tatu nilifungua mwezi wa pili, safi, sina la kuongeza.

Wa nne ni huu wa wiki iliyopita, katikati ya masika, nje mvua siku tatu mfululizo, kuta zinatoka jasho, kipindi ambacho mimi kawaida sina mahindi ya kwangu hata debe, nanunua kwa bei ya juu sokoni kama kila mtu. Nimefungua, nimemwaga kwenye ungo, nimepeta, pumba kidogo sana. Punje mia, tatu. Nimesaga dona debe mbili za kwanza na wale wateja wawili niliowasema nimewapelekea kilo mbili mbili mlangoni bila kuwadai, mmoja amesharudi kununua.

Tukija kwenye hela. Elfu 5 kwa mfuko mtu anaona nyingi kwa sababu kiroba cha kawaida ni hela kidogo sana. Ila huu unautumia tena msimu ujao kama plastiki hazijatoboka, wangu mitatu imebaki mizima, nimeifuta, nimeigeuza, nimeianika kivulini, nimeikunja. Ule wa panya plastiki zake zimekufa, kiroba bado kinafaa kubebea mkaa. Na mfuko mmoja ukikuokolea hata debe moja la mahindi mpaka masika umeshajilipa na chenji.

Ambao nawaambia wasinunue: mtu anayechota mahindi kila siku toka mfuko mmoja. Kila ukifungua unawapa hewa. Kama matumizi yako ni kidogo kidogo tenga debe mbili tatu pembeni kwenye ndoo yenye mfuniko za kula sasa, mfuko uache kabisa, hasa wiki za mwanzo usiuguse kabisa. Na ambaye mahindi yake hayajakauka kwa ile chumvi, asinunue bado, anunue turubai kwanza.

Mfuko nyota nne kati ya tano, ile moja ni ya kamba na ya plastiki kuteleza mno. Duka nyota nne pia, moja nimeikata kwa mfuko uliopungua plastiki na kwa kutoniambia habari ya panya. Mwaka huu nataka minane, na jirani yangu anataka miwili ya kunde, tumekubaliana twende pamoja mwezi wa saba kabla foleni haijaanza, ameshaanza kukusanya mipira ya baiskeli kwa fundi pale barabara ya kumi na mbili.